Nina digrii ya uhasibu, nataka kuwa muuguzi: je, kozi ya miezi 16 inanifaa?

Hamjambo wa safu hii?

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 33, na ni mhasibu katika sacco moja hapa Kisumu. Digrii yangu ni ya biashara, upande wa uhasibu. Niliimaliza 2015 nikapata daraja la pili la chini. KCSE nilifanya 2010: wastani B-, Kiingereza B, Kiswahili B+, Hisabati C+, Biolojia B-, Kemia C. Fizikia niliiacha kidato cha pili.

Nataka kuingia uuguzi, na hilo halina mjadala tena nyumbani. Mjadala uko kwenye njia. Shemeji yangu aliye Minnesota anasema huko mtu mwenye digrii yoyote husomea uuguzi kwa miezi 16 akatoka na digrii ya pili, tayari kwa mtihani wa leseni. Kuna ajenti hapa mjini anayesema atanipatia nafasi ya aina hiyo nikimlipa Sh150,000 za kushughulikia faili, mbali na pesa za CGFNS, shirika la Marekani la kutathmini vyeti. Mume wangu ni mwalimu, naye anaona afadhali nisome hapa hapa, na kwamba kwa vile nina digrii tayari nitapunguziwa miaka. Akiba yangu ni Sh650,000.

Nani ana ukweli? Na je, kwa umri huu sijachelewa?

Mhasibu, Kisumu

JIBU

Dada,

Kabla ya Minnesota na kabla ya ajenti, tuitazame kwanza ile C ya Kemia. Ukiwa Kenya, ina uzito kuliko digrii yako nzima.

Hapa nchini anayeingia uuguzi hupimwa kwa cheti cha KCSE. Baraza la Wauguzi la Kenya, NCK, linataka anayejiunga moja kwa moja na digrii ya uuguzi awe na wastani wa C+, na pia C+ katika Kiingereza au Kiswahili, C+ katika Biolojia, C+ katika Kemia, na C+ katika Hisabati au Fizikia. Maseno, Masinde Muliro kule Kakamega, Uzima hapo hapo Kisumu, Kabarak ya Nakuru, wote wanafuata kipimo hicho. Wastani wako unatosha, lugha zinatosha, Biolojia inatosha, na Hisabati imegusa mstari kabisa, kwa hiyo kukosa Fizikia hakukudhuru. Kemia imepungukiwa na hatua moja. Hatua hiyo inatosha kukufungia nje, na digrii ya biashara, hata ingekuwa ya daraja la kwanza, haiifidii.

Sababu ni indeksi. Chuo kikishakupokea hupeleka jina lako na vyeti vyako NCK ili upewe nambari ya indeksi. Bila nambari hiyo hufanyi mtihani wa leseni, na bila leseni hakuna wadi itakayokuajiri kama muuguzi. Wanaoumia ni wale wanaopokelewa na chuo kinachotafuta wanafunzi kwa udi na uvumba, wakalipa karo ya muhula wa kwanza na wa pili, halafu majina yakarudishwa. Chuo chochote kile, uliza mambo mawili kabla ya kutoa shilingi: programu hii imeidhinishwa na NCK mwaka huu? Na darasa lililotangulia lilipata indeksi? Hilo la pili waulize wanafunzi walio mwaka wa pili, usiishie kwa karani wa usajili.

Mumeo ana hoja, ila kwenye miaka amepotoka, na si yeye peke yake. Yale matangazo ya digrii ya uuguzi kwa miaka miwili au miwili na nusu ni ya wauguzi ambao tayari wana diploma na leseni, wanaojiendeleza. Mwenye digrii ya fani nyingine huanzia mwaka wa kwanza. Pengine utasamehewa somo kama stadi za mawasiliano, lakini saa za darasani na za wadini zilizowekwa na NCK hazipungui. Hesabu miaka minne, kisha mwaka mmoja wa intanshipu.

Je, urudie KCSE ili kuiokoa Kemia? Inawezekana, kama mtahiniwa wa kibinafsi. Tatizo ni kwamba usajili hufungwa miezi ya mwanzo wa mwaka na mtihani ni mwisho wa mwaka, na karatasi ya tatu ya Kemia, 233/3, ni ya maabara. Utahitaji kituo chenye maabara na mwalimu wa kukufanyisha titresheni mara kadhaa, kwa maana mtu aliyeshika bureti mara ya mwisho 2010 hapati C+ kwa kusoma kitabu usiku. Halafu ungojee kuingia Septemba inayofuata. Ukiongeza miaka minne na intanshipu juu yake, hatukushauri.

Kinachokukubali jinsi ulivyo ni diploma ya KRCHN, inayojumuisha uuguzi wa jumla, ukunga na afya ya jamii. Wanataka wastani wa C, C katika Kiingereza au Kiswahili, C katika Biolojia, na C- katika mojawapo ya Kemia, Hisabati au Fizikia. Hapo unapita na nafasi inabaki. Ni miaka mitatu, na ukihitimu na kupata leseni, ile digrii fupi ya kujiendeleza ndiyo inakuwa halali yako. Kemia ya 2010 haitakuzuia tena, na utaweza kufanya kazi huku ukiisoma digrii hiyo. Maombi ya KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya afya, siku hizi hupitia tovuti ya KUCCPS: unaingia kwa nambari yako ya mtahiniwa wa KCSE na mwaka uliofanya mtihani, unachagua kozi na kampasi. Usijaze Kisumu peke yake. Kampasi za mijini hugombewa, kwa hiyo weka na za mbali kidogo kama Siaya au Webuye iwapo duru hiyo zinapokea wanafunzi wa uuguzi.

Jambo moja kuhusu masomo hayo watu hulidharau: ni ya kutwa, na kuna zamu za wadini zikiwemo za usiku, pamoja na wiki za kwenda vijijini kwa afya ya jamii. Kazi ya sacco haitashikana nayo. Omba likizo bila malipo kwa maandishi kabla ya kuandika barua ya kujiuzulu. Na anza chanjo ya homa ya ini aina ya B sasa hivi: ni dozi tatu, ya pili baada ya mwezi mmoja, ya tatu miezi sita baada ya ile ya kwanza. Anayengoja mpaka barua ya kujiunga ifike huingia wadini akiwa na dozi moja tu, akikaa na sindano zilizotumika pembeni yake.

Sasa Marekani. Shemeji yako hakukudanganya. Kozi hizo zipo, zinaitwa ABSN, na ni za watu kama wewe hasa, wenye digrii isiyo ya uuguzi. Nyingi huchukua kati ya miezi 12 na 18. Huko hawahangaiki na C yako ya Kemia ya sekondari. Wanachosoma ni transkripti ya chuo kikuu, na hapo ndipo kazi yako inapoanza, kwa sababu ile miezi 16 huhesabiwa baada ya kutimiza masomo ya awali.

Masomo hayo hutofautiana kutoka chuo hadi chuo, lakini orodha ya kawaida ni hii: Anatomia na Fiziolojia ya Binadamu sehemu ya kwanza na ya pili, Mikrobiolojia, Kemia, Takwimu, Lishe, na Saikolojia ya Makuzi. Anatomia zote mbili na Mikrobiolojia lazima ziwe na maabara. Digrii yako ya uhasibu ina moja tu kati ya hizo, Takwimu za Biashara, nayo huweza kukubaliwa ukiwa na maelezo ya kozi kutoka idara yako, mada kwa mada. Zilizobaki huna. Na hata mtu aliyewahi kusoma sayansi hizo hukuta vyuo vingi vikikataa zilizopita miaka mitano au saba. Sehemu ya pili ya Anatomia haisomwi kabla ya ya kwanza, kwa hiyo huwezi kuyabana yote katika muhula mmoja. Ni karibu mwaka mzima. Ongeza muda wa maombi na kungojea kundi lianze, kisha miezi 16 yenyewe. Umefika karibu miaka mitatu, sawa na KRCHN.

Alama nazo. Vyuo vingi huweka wastani wa 3.0 kwa kipimo cha 4.0 kama kiwango cha chini. Shirika kama WES hubadilisha alama za transkripti yako ziwe za kipimo hicho cha Marekani, somo kwa somo, na daraja la pili la chini huweza kuangukia upande wowote wa mstari huo. Kwenye tovuti ya WES kuna kikokotoo cha bure. Keti nacho jioni moja na transkripti yako kabla ya kulipia tathmini yenyewe. Ikitoka chini ya 3.0 si mwisho wa safari, maana vyuo kadhaa hutazama krediti 60 za mwisho au alama za masomo ya awali peke yake, na hapo A mbili za Anatomia husaidia sana. Lakini chagua vyuo hivyo kwa kujua, usitume maombi kwa kubahatisha huku kila fomu ikila dola zake.

Kuna jambo ambalo ajenti wako hatakwambia, pengine kwa kuwa hata yeye halijui. Sehemu kubwa ya ABSN hufundishwa mseto: nadharia mtandaoni, maabara na hospitali ana kwa ana. Mwanafunzi wa kigeni mwenye viza ya masomo, F-1, haruhusiwi kuhesabu zaidi ya somo moja la mtandaoni kwa muhula katika mzigo wake wa masomo. Kwa hiyo vyuo vingi vyenye ABSN ya mseto havitoi kabisa fomu ya I-20 kwa wageni, na bila I-20 hakuna viza. Unaweza kukubaliwa na chuo kwa barua nzuri kabisa na bado usiweze kwenda. Swali la kwanza kwa kila chuo, kabla ya alama na kabla ya karo, liwe hilo: kozi hii hasa, katika kampasi hii hasa, inatoa I-20?

Ya pesa ni mafupi. Sh650,000 ni kama dola 5,000. Karo ya ABSN katika vyuo vingi ni kati ya dola 40,000 na 80,000, na kabla ya kupewa I-20 lazima uonyeshe pesa za karo na za kuishi za mwaka wa kwanza. Ada ya SEVIS, mfumo wa kusajili wanafunzi wa kigeni, ni dola 350 na ya maombi ya viza dola 185, hata ukinyimwa. Mwaka wa kwanza wa masomo hufanyi kazi nje ya chuo. Ndani ya chuo ni saa 20 kwa wiki wakati wa muhula, na ratiba ya ABSN haikuachii hata hizo. Mumeo na watoto wanaweza kufuatana nawe kwa F-2, viza ya familia ya mwanafunzi, lakini F-2 hairuhusu kazi. Kama shemeji yuko tayari kuwa mdhamini, aonyeshe taarifa za benki mapema. Ahadi ya kwenye simu haiendi mbali pale ubalozini Gigiri.

Kuhusu ajenti, hizo pesa za CGFNS ndizo zilizotushtua. CGFNS, ambalo siku hizi linajiita TruMerit, hutathmini masomo ya watu ambao tayari ni wauguzi waliosomea nje ya Marekani. Wewe si muuguzi bado. Hakuna cha kutathmini. Anayekutoza kwa hilo ama haijui kazi anayoiuza au anaijua vizuri sana. Mwombe jina la chuo, kisha ukague mwenyewe: programu ina ithibati ya CCNE au ACEN? Imeidhinishwa na bodi ya uuguzi ya jimbo lake? Chuo kimo katika orodha ya serikali ya Marekani ya vyuo vinavyoruhusiwa kupokea wanafunzi wa kigeni? Maombi yenyewe huyatuma mwombaji, ama kwa NursingCAS ama kwenye tovuti ya chuo, na I-20 hutolewa na ofisa wa chuo. Akikataa kutaja jina la chuo mpaka ulipe, mazungumzo yameishia hapo.

Uingereza wana kitu kinachofanana, shahada ya uzamili ya miaka miwili inayompa mwenye digrii nyingine usajili wa uuguzi. Wengi hutaka uzoefu wa kuhudumia wagonjwa au wazee. Ila tangu Januari 2024 mwanafunzi wa uzamili wa kufundishwa darasani haruhusiwi kuja na familia, na wewe una watoto wawili, kwa hiyo hatutaendelea nayo.

Ungekuwa umetuuliza tuchague, tungesema KRCHN kwanza, hata kama macho yako yote yako Minnesota. Muuguzi wa Kenya mwenye diploma hiyo na leseni ya NCK anaweza kuomba bodi ya jimbo la Marekani impe ruhusa ya kufanya NCLEX-RN, mtihani wa leseni ya uuguzi wa huko. Hapo ndipo CGFNS inapoingia kihalali: wanataka kuona saa za nadharia na za wadini kwa wagonjwa watu wazima, watoto, akina mama wajawazito na wagonjwa wa akili. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza chuoni tunza kitabu chako cha kumbukumbu za wadini na kila muhtasari wa kozi. Kuvitafuta miaka sita baadaye ni mateso. NCLEX ina maswali kati ya 85 na 150 kwa saa tano, na ada ya usajili ni dola 200. Utahitaji pia mtihani wa Kiingereza, hata kama ulifundishwa kwa Kiingereza tangu shule ya msingi. Kisha mwajiri huko hukudhamini kwa EB-3, viza ya ukaazi kwa njia ya kazi, ambayo inakuja na mume na watoto, naye mume anaruhusiwa kufanya kazi. Foleni ya EB-3 huweza kuchukua miaka, hilo tusikufiche, lakini utakuwa unangoja ukiwa na leseni na mshahara, si ukiwa na deni la dola 60,000.

Ukiamua ABSN hata hivyo, kwa kuwa labda shemeji ana uwezo kuliko tunavyodhani, anza na majina. Cheti cha KCSE kina jina la baba, pasipoti huenda ina la mume, transkripti imeyapanga kwa mpangilio wake. WES wakiona tofauti wanasimamisha faili. Tengeneza hati ya kiapo kwa wakili au ubadilishe pasipoti kabla ya kufungua akaunti. Transkripti hutumwa na chuo chenyewe moja kwa moja, ikiwa na nambari yako ya kumbukumbu ya WES; ukipewa bahasha iliyopigwa muhuri uipeleke mwenyewe posta, usiifungue hata kutazama.

Barua za mapendekezo huwa mbili au tatu, na angalau moja hutakiwa itoke kwa mwalimu. Mhadhiri wa 2015 hakukumbuki. Mpelekee transkripti, wasifu wako na aya moja ya unachoomba. Barua ya pili iwe ya msimamizi wako wa sacco, aandike kuhusu usahihi wako na unavyowakabili wateja wenye hasira, maana wadini utawakuta wengi. Kwenye maelezo yako binafsi, usianze na ndoto za utotoni. Kamati inataka kujua kama unaelewa kazi yenyewe, kwa hiyo tafuta hospitali au nyumba ya wazee itakayokupokea kujitolea Jumamosi, hata kwa miezi mitatu, na uandike ulichokiona muuguzi akifanya.

Vyuo vingi hutaka TEAS, mtihani wa kuingia kozi ya uuguzi, na unaweza kuifanya nyumbani mtandaoni chini ya msimamizi. Ni maswali 170 kwa dakika 209: kusoma 45, hisabati 38, sayansi 50, Kiingereza 37. Hisabati haitakusumbua. Sayansi ndiyo huwaangusha watu wa biashara, hasa mifumo ya mwili, basi ifanye baada ya kumaliza Anatomia. Baadaye, kwenye fomu za afya, watakupima kifua kikuu. Wengi wetu tulichanjwa BCG, na chanjo hiyo huweza kufanya kipimo cha ngozi kionyeshe ugonjwa usiokuwepo. Omba kipimo cha damu cha IGRA badala yake.

Umri wa miaka 33 haukuzuii katika njia yoyote kati ya hizi. Kinachohitaji mpango ni zamu za usiku: kubaliana na mumeo kabla ya kujaza fomu nani atabaki na watoto wiki hizo, hasa wiki za mitihani ya shule yake.